Makala Niliyoyaosha kwa Sabuni

Mwaka wa 1983, nikiwa na miaka ishirini na sita, mke wangu ana mimba ya kwanza, nilijiletea taabu kwa mikono yangu. Sina wa kumsingizia.

Nilikuwa nachoma dhahabu pale mtaa wa Kasuku. Wachimbaji wa Pangi waliniletea vumbi la dhahabu. Mimi nalikamatisha kwa zebaki, nakamua kwenye kitambaa, nachoma juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mpaka zebaki inakuwa moshi na dhahabu inabaki. Chupa ya zebaki niliificha nyumbani, mtaa wa Mikelenge, ndani ya gunia la makala, yaani makaa ya kupikia. Nilijiona mjanja: mwizi gani atataka kujichafua? Siku moja kizibo kikatoka. Nilipofungua gunia, makala yaling'aa kama meno ya tajiri.

Mtu mwingine angetupa. Mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini kwa ubahili nilihitimu. Nikawaza: kaa linaelea, zebaki inazama. Jumamosi asubuhi, mtaa mzima unafagia barabara kwa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, mimi nimechutama uani na beseni la kuogea, naosha makala. Kwa sabuni.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Sitwayeni! Leo unaogesha makala? Kesho utapaka moshi mafuta?"

"Angalia fagio yako. Hii njo salongo yangu."

Na zebaki ikashuka kweli. Nikaikusanya kwa unyoya wa kuku, nikaanika makala juani, nikajisifu peke yangu.

Mchana akapita mzee aliyenifundisha kazi. Mikono yake ilitetemeka hata chai alinyweshwa na mke wake. Moshi wa zebaki njo ulimfanya vile. Akachukua kaa moja, akalivunja. Ndani ya ufa, vitone vinang'aa. Akavunja lingine. Vilevile.

"Umeosha uso, tumbo umeacha," akasema. "Ule moshi hauna harufu. Mama huyu atainama, atavuta, na mutoto atavuta naye."

Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, bado mabichi. Hakulia. "Vizuri. Leo upike weye. Uiname weye, upulize weye. Mimi na tumbo langu tunakaa huku."

Nilishika kiberiti. Nikatazama mikono ya mzee. Kiburi changu ni kikubwa, lakini si cha kuua mtoto kwa ajili ya gunia. Nikachimba shimo refu nyuma ya choo, nikazika makala yote, maji yake, na ile chupa. Siku ile tulikula ndizi mbivu. Jumatatu nikaanza kuuza chumvi kwa baiskeli.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Baiskeli mbili, moja haina breki. Mbuzi saba. Mke yule yule, ulimi ule ule. Binti, naye ana watoto wake. Mikono inayoshika kikombe kilichojaa bila kumwaga. Na lile beseni, nililolitoboa kwa msumari siku ile ile, mtu asije akaogesha mtoto ndani yake.