Moto wa Mama Daniel

Siku ile naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu ya moshi wake. Nilikuwa mke mgeni hapa Endasak, mkoa wetu ukiwa bado ni Arusha, na biashara huria ndiyo kwanza imeruhusiwa. Mfanyabiashara mmoja wa Katesh alikuwa ameleta televisheni na dishi kwenye hoteli yake. Vijana wakawa wanashuka kwa miguu kwenda kuishangaa.

Jioni moja wakarudi mbio. Wameona kwenye televisheni mji wa mbali, nchi za kule kusini, mashoga wanaandamana mchana kweupe, mara ya kwanza katika mji huo. Na katikati yao, ameshika kitambaa chenye maandishi, yuko Daniel wa hapa hapa kwetu, na lile kovu lake la kupigwa kwato na ndama kwenye paji la uso. Daniel alikuwa amekwenda huko kutafuta kazi. Mama yake, mjane, alikuwa jirani yetu.

Wazee wakaitisha kikao, wakamsimamisha mama wa watu mbele. Mzee Qamara ndiye alikuwa msemaji.

"Sema hapa si mwanao, umlaani, yaishe."

"Nilimzaa mimi," akajibu. "Maneno hayo sina."

Basi wakamtenga kwa desturi yetu ya zamani. Asipewe moto, asitekewe maji, asisalimiwe, mpaka amlaani mwanawe. Atakayempa moto atatengwa naye. Utaniambia viberiti vilikuwepo. Vilikuwepo, lakini mwenye duka naye alikuwa kwenye kikao. Na unajua laana ya mama kwetu ilivyo, haitamkwi halafu ikarudishwa.

Mvua ikanyesha, makaa yake yakazimika. Kila asubuhi nikawa naangalia paa lake, hakuna moshi. Nilijua atachoka, atayasema maneno yale. Nilikosa usingizi na sikuthubutu kufungua mdomo.

Mama mkwe wangu, Bibi Marselina, naye alikuwa anaangalia. Asubuhi moja akaniambia, "Lete kigae cha chungu." Akachota makaa jikoni, akayaweka juu ya kigae, akatoka. "Wewe chukua ndoo ya maji."

Mwanangu, miguu ilinitetemeka. Njia yenyewe inapita mbele ya boma la Qamara, na wanaume walikuwa wamekaa pale wanakunywa pombe. Wakageuka wote. Bibi hakupita haraka haraka. Akasimama katikati, moshi unampanda usoni.

"Sijasikia shikamoo," akasema.

Hapo nikaelewa, na nikaogopa zaidi. Wakimsalimia, wamevunja kutenga kwao wenyewe. Wasipomsalimia, wamemnyima heshima mkunga aliyewapokea karibu wote pale, Qamara akiwa wa kwanza. Mmoja akaangalia chini. Mwingine akajifanya anakohoa. Kigae kilikuwa kinamuunguza, niliona vidole vyake vinacheza, lakini hakukiweka chini. Nilitamani nimwage maji nikimbie.

Qamara akainuka taratibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na jirani yangu huko mbele naye mumsalimie, hajambo kabisa, ni baridi tu."

Tukaendelea na safari yetu. Mama Daniel alipoona makaa alikaa chini akalia, kisha akapuliza. Moshi ulipotoka paani, majirani wakaanza kuja mmoja mmoja, na ndoo zao. Kikao kingine hakikuitishwa. Bibi alibaki na makovu vidoleni mpaka tulipomzika, na Daniel alikuja akabeba jeneza, bega kwa bega na Qamara.

Sikuambii uelewe kila kitu cha dunia hii, hata mimi sikielewi. Nakuambia hivi: usimlazimishe mzazi amkane mtoto wake ili wewe ulale vizuri. Na wakikubaliana wote kumnyima mtu moto, wewe chukua kigae, hata kama miguu inatetemeka. Yangu ilitetemeka, na bado nilifika.

Mungu akulindie jiko lako lisipoe, na popote utakaposimama na makaa yako mkononi, apatikane mtu wa kukuamkia.