Swali la Mchimbaji wa Kalangalala

“Kama ni mimi niliyemletea, shemeji, mbona mimi siumwi?”

Mwenye swali hilo tulimzika mwezi uliopita, baada ya kuta za duara, yaani shimo alimokuwa akichimba dhahabu, kumfukia. Alikuwa jirani yangu hapa Kalangalala, akiniita shemeji kwa kuwa mimi na mkewe tumetoka kijiji kimoja cha Kishapu. Miaka michache nyuma mkewe alianza kutokwa na damu isiyo ya hedhi, na maumivu chini ya kitovu. Zahanati ilimpa dawa za magonjwa ya zinaa, akazimaliza, hali ikarudi palepale. Mkewe akamshutumu kwamba ndiye aliyemletea ugonjwa kutoka nje; mume akaja kwangu nimtetee, maana mkewe alinisikiliza. Nikacheka. “Mchimbaji asiyetembea nje? Huyo nitamwona mbinguni.” Ndipo akauliza swali lile. Akaenda kupima, akarudi na majibu safi. Nikamwambia vipimo navyo hukosea. “Haya shemeji, wewe umesoma,” akasema, akaondoka. Kesho yake nikamshauri mkewe afungashe arudi kwao, akafungasha. Tangu hapo, kila tulipokutana njiani, alinisalimia kwanza, kisha akauliza: “Wa kwetu huko nyumbani hajambo?”

Wasomaji wangu mnanijua. Katika safu hii nimewahoji waganga, wahubiri na wataalamu, kila mmoja nikimdai ushahidi. Huyu aliuleta bila kudaiwa, nikaukataa kwa sababu ya kazi yake tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilimnyima hata hiyo. Shaka isiyomgusa mwenye shaka ni ubishi tu.

Msibani mkewe alikuja, akakaa mkekani ameshika tumbo. “Bado?” nikamnong’oneza. “Bado, dada. Na tangu nimwache sijalala na mwanaume.” Baada ya matanga nikampeleka hospitali kubwa. Daktari hakuuliza habari za wanaume. Aliuliza, “Mama, utotoni mlikuwa mkioga wapi?”

“Lamboni,” akajibu. “Sisi na ng’ombe.”

Kilikuwa kichocho. Shuleni nilifundishwa kwamba mgonjwa hukojoa damu, nikadhani nimemaliza somo. Sasa najua kwamba mayai ya minyoo ya kichocho hunasa hata kwenye mlango wa kizazi, yakaujeruhi kwa miaka mingi. Na kwamba minyoo yenyewe huingia mwilini kupitia ngozi, majini, wala hakuna mume awezaye kumletea mkewe.