Nyota kwenye mkia wa ndege ya Alimasi

Rafiki zangu, leo mjukuu kaniuliza kama niliwahi kuogopa rangi.

Ndiyo! Hapa hapa mjini Baraka, wakati nchi yetu ikiitwa Zaïre.

Mi nilikuwa nachora majina kwenye mitumbwi. Fundi Alimasi, aliyejitengenezea ndege ndogo ya mashindano uani kwake, akaniletea picha kuukuu ya ndege iliyokuwa inatua huku enzi za Wabelgiji.

"Unichoree alama hii kwa mukia, vilevile."

Korongo, na nyota ya manjano juu ya bluu.

Nilipomaliza ndipo nikashtuka. Bluu na nyota ya manjano... ile bendera ya zamani ya nchi, iliyokatazwa na serikali!

Na nani anaingia uani? Mkuu wa chama tawala, na askari wawili.

Nikasimama mbele ya mkia.

"Toka hapo, citoyen," mkuu akasema. Citoyen, yaani mwananchi, ndivyo tulivyolazimishwa kuitana.

Nikatoka. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Nani alichora?"

"Ni mi, citoyen."

Akaniinamia sikioni. "Mudomo ya korongo iko mufupi. Ile ndege ya zamani, ni mi nilikuwa naiosha kila asubuhi."

Kisha akapaza sauti, askari wasikie: "Futa hii nyota sasa hivi!"

Nikaifuta kwa mikono miwili, mbio. Mdomo nikaurefusha.

Nanyi, mngebaki pale au mngekimbia?