Mashujaa ni Wangu, Jina ni ya Bwana Yangu

Wapendwa wasomaji wa ukurasa huu, kwa miaka mingi nimesoma siri za wengine hapa, leo ninaleta yangu. Tafazali, maman mwenye kuchunga ukurasa, jina yangu usiitoe, na ile maison ya kutoa vitabu yenye bwana yangu anatumikia usiitaje. Niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na moja, mama wa watoto watatu, tunakaa Nyalukemba, hapa Bukavu. Kwa watu wote miye ni muke wa muchoraji mukubwa. Ukweli iko ingine, na nimeificha miaka sita.

Musimuzarau bwana yangu. Zamani alikuwa anachora kweli. Maison moja ya hapa mujini inatoaka vitabu vidogo vya picha vya mashujaa, vile wanafunzi wanasoma kwa siri chini ya meza mu darasa. Yeye njo alitengeneza shujaa wao wa kwanza, Kimbunga, mwanaume mwenye anapuliza lori mpaka inaruka muto. Kisha akapata aksida ya pikipiki ku barabara ya Bunyakiri. Mukono wa kuume ulipona, lakini ulibaki unatetemeka. Hata supu inamwangika mbele ya kufika ku kinywa.

Patron, mwenye maison, alikuwa anangojea kurasa za mwezi. Bwana yangu alilia mbele yangu kama mutoto, na miye nikakamata kalamu. Masista walinifundisha kuchora ku masomo, na miaka yote nilikuwa namuangalia akitumika. Tulipatana ni kwa wiki mbili tu. Patron alipoona zile kurasa, alisema Kimbunga hajawahi kuwa muzuri vile. Basi wiki mbili zikakuwa miaka sita. Kila asubui watoto wakienda ku masomo ninafunga mulango na kufuli, ninashusha pazia, ninachora. Jirani akibisha, sijibu. Wanasema nina majivuno.

Patron akaomba shujaa mwenye kuvaa kijeshi, nikamutengenezea Komando. Akaomba muzee wa milimani mwenye kutupa umeme, nikamutengenezea Radi. Wa nne hakuna mutu aliniomba. Ni Nabintu, mwanamuke muuza mihogo, mwenye anasikia sauti ya mutu aliyefunikwa chini ya udongo, hata kama iko mbali sana. Kaka yangu alikufia mu shimo ya zahabu kule Mwenga. Walimuchimbua siku tatu, na siku ya tatu hakukuwa sauti tena. Bwana yangu hakuniulizaka hata siku moja Nabintu alitoka wapi.

Juzi juzi patron aliamua kutoa afishi, picha kubwa ya kubandika ku ukuta, ya mashujaa watatu wenye wanabeba maison. Alikuja kwetu na katoni ya barua za wasomaji. Nilipokuwa naweka chai, niliona jina ya Nabintu ku barua nyingi kuliko za wengine wote, zimetoka Kasha, Shabunda, hata kwa askari. Patron akasema barua si kitu. Shujaa mukubwa ni ule mwenye anaweza kusimama mbele ya wakubwa wa serikali, na muuza mihogo hawezi kusimama pale. Nilimuuliza kwa upole kama si wasomaji njo wanachagua. Patron alinipa mugongo. Alimwangalia bwana yangu, na bwana yangu akasema, "Nabintu nilimuchora tu kwa muchezo. Mumutoe."

Nilirudi mu jikoni na birika mukononi. Patron akaagiza Nabintu afe mu kitabu ya mwezi wenye kufuata. Akasema pia kwamba siku ya kuonyesha afishi, mu salle kubwa ya mikutano, mbele ya wageni wa serikali, bwana yangu atachora wale watatu ku tablo, ile ubao kubwa, watu wote wakiangalia. Bwana yangu akakubali. Angesema nini?

Alipobaki peke yake na miye, nilimusihi aseme ukweli. Alikataa. Nyumba yenye tunakaa ni ya maison, patron atasema tulimudanganya, na wageni wakubwa wakishachekwa, hakuna mwenye anajua mambo itaishia wapi. Kisha akaniomba nichemushe maji, nimumwangie ku mukono, tuseme ilikuwa bahati mbaya. Nilifikiri amepata wazimu. Nilipokataa akaniambia polepole, "Wee njo ulinifikisha hapa. Ungechora vibaya, wangeniachishaka zamani, ningepumuzika."

Siku mbili mbele ya ile fete ya afishi, nikiwa ku soko, alijimwangia mwenyewe. Nilimukuta amekaa chini, anauma shati ili watoto wasisikie. Ku opitali alisema ni miye, juu ya haraka ya jikoni. Mama yake alikuja kunitukana mbele ya majirani, na miye nikamuomba musamaha. Mu salle walimupigia mikono na bandaji yake. Patron aliniita pembeni, akaniambia nijifunze kuchunga mukono yenye inatulisha.

Kurasa zinaendelea kutoka. Bwana yangu anawaambia ku maison kwamba alishazichora mbele ya kuungua. Kifo cha Nabintu nilimaliza juma hili, na yeye aliipeleka bila kuifungua. Patron anangojea tu mukono ipone, kisha atapanga siku ingine na wageni wengine.

Kidonda imeanza kukauka. Kila jioni miye njo ninabadilisha bandaji, na kila jioni ninaomba Mungu isipone mbio. Nikisema, ninamuua baba ya watoto wangu mbele ya watu. Nikinyamaza, atarudi kwenye maji ya moto, na safari hii sijui ataunguza nini. Bamama na bapapa wenye munasoma hii, munishauri kabla mukono haijapona: nifanye namna gani?