Usipulize, Hadassa

Nyasi za kwetu Minembwe zilikuwa ndefu hivi: ng'ombe wetu Gaju aliingia ndani yake asubuhi akiwa bado mtamba, akatoka amezeeka, ndama wanamfuata mkiani, na nyuma ya ndama dume lililokuja kutoa mahari. Watu wa kanisa letu hapa North Buffalo wananiuliza kama ni kweli. Ninawaambia waende wakamuulize ng'ombe. Lakini hili la Hadassa sikulitia chumvi. Au nilitia kidogo tu, ile ya kuonja kwa ncha ya kidole.

Hadassa ni mjukuu wangu, na mimi ni koko yake, yaani bibi. Nilimlea mimi tangu anatambaa, milimani na halafu kwenye kambi ya wakimbizi. Tulipoletwa Amerika walitugawa kama wanavyogawa viazi: mimi na mwanangu Sylveri tukatupwa Buffalo, Hadassa akatupwa Louisville, upande wa Highview. Huko akapata kazi kwenye ghala la mbegu za malisho, yaani mbegu za yale majani ambayo wafugaji wa Kentucky wanawapandia ng'ombe na farasi wao. Ndiyo, huku majani ya ng'ombe yanapandwa. Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilifikiri aliyeniambia ni mwongo kunipita.

Kazi yake ilikuwa kubeba magunia. Akabeba, akabeba, mpaka bega la kulia likasema basi. Daktari naye akasema basi. Donc, basi, mwaka wa 2015, theluji ikianza kuyeyuka, mimi na Sylveri tukashuka Louisville kwenda kumchukua. Sylveri alikuwa amemtafutia nafasi kwenye kiwanda chake, kazi ya kukaa na kubandika karatasi kwenye makopo. Na mimi chumbani kwangu nilikuwa nimeshamtandikia kitanda, na blanketi la maua juu yake.

Tunafika, chai haijachemka, mtoto anasema, "Koko, sijasema kwamba ninakuja."

"Bega lako limesema."

"Bon, sikiliza kwanza. Kuna nafasi moja kwenye meza ya kukagua mbegu. Kuangalia kama ni safi, kuzipanga kwa daraja. Hakuna kubeba. Mkubwa wetu ananituma Columbus, mafunzo ya wiki moja ya kufanya kwa mikono, mwisho wake mtihani. Nikipita, ile meza ni yangu."

"Na ukishindwa?"

"Ghala halina kazi ya mtu asiyebeba."

Sylveri, ambaye barabara za nchi hii anazijua kuliko mistari ya Biblia, akasema Columbus iko kwenye njia ya kurudi Buffalo. Yeye alikuwa na likizo. Basi tukapatana hivi: tunampeleka Columbus, begi lake linakaa kwenye gari. Akishindwa, tunaendelea naye mbele. Akipita, anarudi Louisville na begi lake.

Mimi nilifurahi. Sikuomba ashindwe, mimi ni mtu wa kanisa. Nilimwambia tu Mungu afanye mapenzi yake, na nikamkumbusha kwamba kitanda kimeshatandikwa.

Columbus tulifikia kwa Nyiramahirwe, binti wa mdogo wangu. Siku ya kwanza Hadassa alirudi kutoka mafunzo macho yamevimba. Tukamkalisha, akasimulia.

Mwalimu wao alikuwa mama wa Kizungu anayeitwa Patricia, nywele nyeupe, mikono ya mkulima. Aliwapa kila mmoja konzi ya mbegu za klova nyekundu, yale majani ya vijani vitatu vitatu yanayoleta maziwa. Mbegu zake ndogo kama ulezi, nyingine za njano, nyingine zambarau. Kila mtu na taa yake, kioo cha kukuzia na kibano. Aliwaambia watenge mafungu manne: klova safi, mbegu za mazao mengine, mbegu za magugu, na takataka. Halafu kila fungu lipimwe kwenye mizani.

Sasa Hadassa alifanya nini? Alifanya nilivyomlea. Kwetu huwezi kumwekea mtu nafaka yenye makapi. Msichana akiposwa, shangazi wa mume anampa kwanza lungo la kupepetea, akae pembeni amtazame. Anayepepeta vizuri harudishwi kwao, hata kama ana sura kama yangu. Basi mtoto alimimina klova kwenye kifuniko cha boksi, akarusha, akadaka, akapuliza, fuuu. Makapi yakaruka, mengine yakaingia shingoni kwa bwana aliyekaa mbele yake. Zilizovunjika na zilizokunjamana akazichagua akazitia kwenye pipa. Akamaliza wa kwanza, mbegu zinang'aa kama shanga, akakunja mikono akingoja sifa.

Patricia akaja, akaangalia meza, akauliza, "Takataka yako iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Ndiyo niliyokuwa naitaka."

Yule mama hakumgombeza. Alimweleza polepole. Konzi ile imetoka kwenye gunia kubwa, na mfugaji atakayenunua gunia anataka kujua ndani yake klova ni kiasi gani, magugu kiasi gani, uchafu kiasi gani. "Wewe umesafisha konzi," akamwambia. "Gunia bado ni chafu, na sasa hakuna anayejua ni chafu kiasi gani." Halafu akasema siku ya mtihani atakayepoteza hata kipande cha kapi ameshindwa.

"Basi usipulize," Sylveri akasema.

"Baba mdogo, sipulizi mimi. Mdomo unapuliza wenyewe. Leo nilijaribu tena baada ya chakula, nikapuliza tena bila kujua. Watu wakacheka."

Nikamtazama. Alikuwa ameshika midomo yake kwa vidole, kama mtu anayemshika kuku asikimbie. Ningeweza kukaa kimya. Ningechukua kikombe changu cha chai, siku zingejiendea, na mwisho wa wiki Hadassa angelala chini ya lile blanketi la maua. Lakini nikawaza: huyu akija kwangu namna hii, kila asubuhi akibandika makopo atakuwa anaona klova. Mimi nilitaka aje kwa kunipenda, asije kwa kushindwa.

Nikafungua mkoba wangu. Humo huwa nina peremende za kuninyamazisha wakati wa mahubiri marefu.

"Fungua mdomo," nikamwambia. "Nyonya. Mtu anayenyonya hawezi kupuliza, hata shetani hajui kufanya yote mawili."

Tukasafisha meza ya Nyiramahirwe. Nikachanganya kwenye sinia ulezi, mtama, majani ya chai na mchanga kidogo wa kwenye viatu vya Sylveri. Halafu, alipogeuka kuvuta kiti, nikaongeza kitu changu. Hadassa akaanza kutenga kwa kibano cha nyusi cha Nyiramahirwe, shavu limevimba kwa peremende.

"Koko, hii ni nini?"

"Mkaguzi ni wewe."

Akaigeuza, akainusa. "Hii ni biskuti."

"Iweke kwenye fungu lake. Usiile."

Akaendelea. Alipofika kwenye punje iliyovunjika mkono ukasimama. Kwetu hiyo ni ya kuku, hakuna maswali. Akasema, "Hapa sheria ni nyingine. Ikibaki zaidi ya nusu, bado ni mbegu. Chini ya nusu ndiyo takataka."

"Na iliyokunjamana?"

"Nayo ni mbegu, Koko."

"Basi mimi bado ni mbegu."

"Wewe, mama mkubwa, ni gugu," Nyiramahirwe akasema kutoka kwenye sufuria zake.

Hivyo ndivyo tulivyoipitisha wiki ile: mchana anajifunza kwa Patricia, jioni kabla ya ugali anatenga sinia langu. Siku moja akarudi anacheka. Kumbe nao wana mashine ya kupuliza, bomba refu la kioo linalotumika kwa mbegu za majani mepesi. Linapuliza kama sisi, lakini juu lina kikombe kinachodaka makapi yote. "Wazungu wamelishonea lungo mfuko," akasema. Na peremende zikawa zinapungua mdomoni, kwanza moja baada ya nyingine, halafu anaanza bila hata moja, anaomba mdomo ukimwasha.

Siku ya mtihani nilikataa kubaki nyumbani. Chumba chao kilikuwa na dirisha la kioo upande wa korido, wakaniwekea kiti hapo. Sylveri alikuwa nje kwenye gari, begi nyuma, tangi limejaa.

Hadassa akakaa na shavu lake limevimba. Patricia akapita, akaona, akamnyooshea kidole pipa. Kwenye chumba kile hakuliwi kitu. Mtoto akatema peremende. Halafu akamiminiwa mbegu zake na nikaona mabega yake yanapanda, na lile bovu likapanda nalo.

Akainua macho, akanitafuta kwenye kioo.

Sikujua Kiingereza cha kumsaidia, na hata ningejua, kioo kilikuwa kinene. Nikachukua peremende, nikatia moja shavu hili, nyingine shavu lile, nikafunga midomo mpaka ikauma. Nilikuwa kama panya aliyeiba karanga. Bwana mmoja aliyepita korido alinipa maji akidhani ninakabwa. Hadassa akaniona. Midomo yake ikajifunga kama mlango wa kanisa siku ya Jumatatu, na mabega yakashuka.

Alifanya kazi. Kibano kinashuka, kinapanda. Alipotaka kuvuta pumzi aligeuza kichwa pembeni kabisa, mbali na meza, akavuta, akarudi. Fungu la zambarau na njano likakua. Pembeni magugu, machache, meusi. Na takataka, vumbi na vijiti na maganda, kila kimoja kimelazwa mahali pake kwa adabu kama mgeni. Mwisho ikabaki punje moja iliyovunjika. Akaiweka chini ya kioo. Akaigeuza huku. Akaigeuza huku. Mimi peremende zilikuwa zimeshaisha na bado nilikuwa nimefunga mdomo. Akaichukua, akailaza pamoja na mbegu.

Patricia ndiye aliyechanganya zile mbegu, kwa hiyo alijua ametia nini. Akapima fungu la kwanza, la pili, la tatu. Akafika kwenye la nne, akauliza jambo, na nikaona Hadassa ananyoosha mkono kuonyesha. Baadaye aliniambia lilikuwa swali lilelile, takataka yako iko wapi, naye akajibu, "Iko hapa yote, mama." Patricia akapima. Akamshika lile bega zima akamtikisa, na Hadassa akaachia pumzi ndefu sana, lakini kwanza aligeuza kichwa.

Nje, Sylveri alifungua buti, akatoa begi. "Mama, tumelitembeza begi hili Amerika nzima lipate hewa," akasema. Alikuwa anacheka, na macho yake hayakuwa makavu.

"Koko, kitanda je?" Hadassa akaniuliza.

"Kitalaliwa na mkoba wangu. Nao umechoka."

Kabla ya kupanda basi la Louisville akanipa bahasha ndogo, nyepesi kama haina kitu. "Patricia ameniruhusu kuichukua. Ni takataka yangu, Koko. Weka wewe."

Niliporudi Buffalo, Jumapili baada ya ibada, niliwaambia akina mama kwamba Kentucky nzima hakuna farasi anayefungua mdomo kabla Hadassa hajaitikia kwa kichwa. Kwamba ng'ombe wa kule wakimwona wanasimama. Mama Séphora, ambaye hunipinga hata nikisema leo ni Jumapili, akauliza, "Basi kama ni mkubwa hivyo, mbona hukumleta?"

"Kwa sababu ni mkubwa hivyo," nikamjibu.

Nikatoa bahasha kutoka kwenye Biblia, nikaifungua juu ya kitambaa. Wakakusanyika. Mama Séphora haoni vizuri, akainama mpaka pua ikakaribia, akaona vumbi na maganda, na nikasikia mama mzima, aliyelelewa kwa lungo kama mimi, anajaza kifua pumzi.

"Usipulize, dada," nikamwambia. "Hayo yameshapimwa."