Paja la Kuku la Mutiso

Kanisa letu karibu na mji mdogo wa Kabati lilikuwa la mabati, juu na pande zote, na mchana wa kiangazi lilinuka kama sufuria tupu iliyosahauliwa motoni. Humo ndimo kikundi cha akina mama wazee kilimofanyia mazoezi ya mchezo wao, mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Walikuja na katani zao mikobani, wakasokota mapajani nyuzi za kusukia vikapu vya vyondo huku wakingoja zamu ya kusema, na aliyekosea alichekwa na wote bila huruma. Mchezo waliutunga wenyewe. Wajane wawili wanaamua kuishi nyumba moja ili kupunguza kazi ya kutafuta kuni. Wanagombana tangu asubuhi: nani anakoroma, nani anajua kusonga ugali, nani alikuwa mrembo zaidi siku ya kuolewa. Kila mmoja anajigamba kwamba mwanawe anakuja kutoka mjini, na wamemweka kuku mmoja kwa ajili ya mgeni huyo. Wana hawaji. Mwishowe wajane wanamchinja kuku wao, wanamla wenyewe na kulamba vidole. Mjane wa kwanza alikuwa nyanya yangu aliyenilea, ambaye sisi tulimwita Susu na wenzake walimwita Kalekye. Wa pili alikuwa Mbula, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana.

Mwaka huo Susu alianza kusahau. Maharagwe aliyatia chumvi mara mbili, nami aliniita kwa jina la shangazi yangu. Katika mazoezi alikwama katikati ya sentensi, mdomo wazi, akitutazama kama watu aliowakuta njiani. Nilimsikia mwenyekiti wa kikundi akinong'ona kwamba nafasi yake apewe mwingine kabla hawajaaibika mbele ya wageni. Kwa Susu hilo halikuwa jambo dogo. Miaka miwili kabla ya hapo mwanawe Mutiso, baba yangu, alifukiwa na mchanga mtoni alipokuwa akiuchimba ili upakiwe kwenye lori. Baada ya mazishi Susu alilala akitazama ukuta, na ni wale wazee waliomtoa kitandani, wakimjia kila siku na kazi zao za mikono mpaka akaanza kusokota tena. Bila kikundi angerudi kwenye ule ukuta, na mimi nilijua hivyo ingawa nilikuwa mdogo.

Mbula alikataa. "Mkimtoa Kalekye, nitoeni na mimi," alisema. "Mtabaki na kuku, aigize peke yake." Tangu siku hiyo, kila Susu alipokwama, Mbula alimrukia kwa matusi ambayo hayakuwa kwenye mchezo. "Mwoneni huyu! Meno yalitangulia, sasa maneno nayo yameyafuata!" Susu alikasirika kikweli, na ndani ya hasira yale maneno yake yalirudi. "Wewe Mbula, mimi nina meno manne. Wewe unayo mangapi, hesabu nione!" Mazoezi yakawa matamu kuliko mchezo wenyewe.

Walialikwa na akina mama wa kanisa moja la Mukuyuni, upande wa Makueni, tukaenda kwa lori la kukodi. Watu wa huko hawakutujua. Walicheka tangu Susu alipotokea na fimbo yake, nami nikiwa mbele na watoto wengine nilijiona mkubwa. Kisha tukafika mwisho. Sufuria ililetwa ikiwa na kuku aliyepikwa kweli, Mbula akanyoosha mkono, Susu akamshika kifundo cha mkono. "Acha. Huyu ni wa Mutiso."

Mtoto wa mchezo hakuitwa Mutiso. Ukumbi ukacheka. Mbula hakucheka, wala wenzetu waliokuwa wamesimama kando. "Mutiso amechelewa wapi?" Susu aliuliza, akitazama mlango. "Alisema anakuja leo." Watu wakapiga makofi wakidhani ndio utamu wa mchezo. Niliona aibu ikinipanda mpaka masikioni, nikainama nijifanye nafunga kiatu. Mbula akasema kwa sauti ile ile ya ugomvi, "Basi tumwekee paja. Lakini shingo ni yangu, na usiniangalie hivyo." Watazamaji waliangua kicheko. Susu akalifunga paja katika kona ya leso yake, wakala kilichobaki, mchezo ukaisha salama.

Asubuhi iliyofuata nililikuta paja mezani, limefunikwa kwa sahani, na sisimizi wameshalipata. Nililiomba. "Hilo ni la baba yako," Susu akasema. Ningependa kuandika kwamba nilisema nilichosema kwa kuupenda ukweli. Hapana. Kwetu nyama ilikuwa nadra, na mimi nililitaka lile paja. Nikamwambia, "Baba alikufa, Susu. Alifukiwa na mchanga. Wewe ulikuwepo." Aliketi chini hapo hapo. Kilio alichotoa kilikuwa kile kile cha siku ya kwanza, hakikupungua hata kidogo, na majirani walitoka mashambani wakikimbia.

Mbula alifika kabla ya saa sita. Hakuniuliza kitu, ingawa aliliona paja. Alirudi nyumbani kwake, na jioni wakaja wazee wote wa kikundi, kama wanavyokwenda kwenye msiba mpya: mmoja na maji, mmoja na unga, mwingine na mzigo wa kuni mgongoni. Walitandika mikeka, wakaketi na Susu siku tatu, wakamlilia Mutiso upya pamoja naye. Hakuna aliyemwambia kwamba walishalia. Siku ya tatu Susu aliinua kichwa, akawatazama mmoja mmoja, akauliza kwa heshima, "Poleni, wenzangu. Nani amefariki?" Kisha Mbula akasema, "Ni mimi, Kalekye. Nimekufa kwa njaa, na wewe umekalia unga." Susu alicheka hata akashika mbavu, nao wakacheka huku wakipangusa macho. Mimi nilikuwa jikoni. Sikuweza kucheka.

Hawakumtoa kikundini. Katika mchezo uliofuata walimtungia nafasi ya mama mkwe anayeketi kitini na kuhudumiwa bila kusema neno, na alikaa kwenye nafasi hiyo mpaka miguu ilipokataa. Mara nyingine tatu alikumbushwa kifo cha mwanawe, na watu, au na akili yake yenyewe. Mara zote tatu mikeka ilitandikwa.

Sasa naishi Kitui mjini, na mwaka jana nilimzika mume wangu. Watu walikuja, sitawasingizia. Walichanga, wakapika, wakaimba. Siku ya pili baada ya mazishi hema lilishushwa na viti vya kukodi vikarudishwa, na simu ikaleta pole kwa wiki moja hivi. Mwezi wa nne baada ya mazishi nilimtaja mume wangu kwa mwanamke ninayeketi naye kanisani, akanipigapiga bega, akaniambia nijikaze, kisha akauliza kama kwetu mvua imenyesha. Si mtu mbaya. Anaamini jambo hilo limekwisha, kwa kuwa yeye alikuwepo lilipofanyika. Mimi, tofauti na Susu, nakumbuka kila kitu vizuri, kwa hiyo hakuna wa kuja kutandika mikeka na kuketi nami tena.