Tikiti Lililoanguka Uchochoroni

Joto la kaskazi likishika Mji Mkongwe, nyumba yetu ya mawe ilikuwa haina pa kukaa ila dirishani. Nilikuwa msichana mdogo, nikiishi ghorofani na bibi yangu, mzaa mama. Magoti yake yalikuwa yameshakataa ngazi, kwa hiyo vitu vya sokoni vilimjia kwa kikapu: tunakiteremsha kwa kamba, muuzaji anatia, sisi tunavuta.

Furaha yake kubwa ilikuwa tikiti. Muuzaji alipita na baiskeli baada ya adhuhuri, na bibi hakumwamini mtu kumchagulia.

"Ligonge nisikie!" alimpigia kelele kutoka juu.

Yule bwana hugonga kwa kidole, bibi katega sikio, uso kaukunja. "Hilo bichi. Lete jengine." Mpaka leo sijui kama alikuwa akisikia chochote.

Chini yetu alikaa mama mmoja, mke wa seremala, mzaliwa wa bara aliyeolewa hapa. Yeye na bibi walikuwa hawasemezani. Alipoolewa mama yangu mdogo, yule mama hakualikwa kwenye shughuli. Bibi alishikilia kuwa mtu alitumwa kumwalika, na yeye akashikilia kuwa hakuona mtu. Tangu hapo shikamoo ikakatika. Mimi nikipita barazani kwake nikimwamkia, aliniitikia vizuri, lakini habari za bibi haulizi.

Siku moja bibi alichagua tikiti kubwa kupita kiasi.

"Bibi, hilo hatuliwezi."

"Vuta, we mtoto!"

Tukavuta sote wawili, yeye nyuma yangu akihema. Lilipokaribia dirisha, mkono wa kikapu ukang'oka. Nikasikia mshindo. Nilipochungulia, tikiti lilikuwa limepasuka mbele ya baraza ya yule mama. Mwenyewe alikuwa akichambua mchele, na sasa uso wote umetapakaa maji mekundu, mbegu zimemganda kwenye mtandio.

Bibi alishika kifua. "Umeumia, mwanangu?"

Nadhani hata yeye alishtuka kujisikia akimwita hivyo. Yule mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akatazama juu.

"Sikuumia. Lakini nshaoga."

Muuzaji aliangua kicheko. Bibi alijizuia kidogo, akashindwa, akacheka mpaka akashika kizingiti cha dirisha. Yule mama naye akacheka. Pande moja kubwa lilikuwa limeangukia ndani ya sinia, juu ya mchele. Akalimega, akaonja.

"Tamu hili! Teremka ule."

"Na magoti haya?"

"Basi nakuja mimi."

Nikasikia kandambili zake kwenye ngazi. Alifika mlangoni na lile pande mkononi, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, pita ndani."

Tulikaa mkekani, dirisha wazi. Bibi akaleta chumvi na pilipili ya unga, akanyunyiza kidogo, kwa sababu kwake tikiti bila pilipili lilikuwa maji tu. Tulikula kwa kuinama, juisi ikituteremka hadi viwikoni. Mimi niliguguna mpaka nikafika kwenye weupe wa ganda, na hakuna aliyenigombeza. Wao walizungumza joto, watoto, na bei ya samaki. Ule mwaliko haukutajwa, siku ile wala baadaye.

Kuanzia hapo, kila kaskazi yule mama alipanda kuja kula na sisi. Mwaka wa mwisho wa bibi, alipokuwa hawezi tena kutafuna, yeye ndiye aliyeketi kitandani, akatoa mbegu moja moja, akampondea tikiti kwa uma na kumlisha kwa kijiko. Bibi alifariki kabla ya mvua za masika. Yule mama alilia kama binti yake wa kumzaa.

Siku hizi mimi nafanya kazi Tunguu, na yeye amehamia Mpendae kwa mwanawe. Nilikwenda kumtazama mwaka huu, siku ya joto kali. Alitoa tikiti kwenye friji, limepoa mpaka meno yanauma, akalikata mapande makubwa. Nilikula mpaka kifua cha gauni kikalowa. Alinitazama, akacheka, kisha akainuka kwenda kukata jengine.